Nyota Iliyomsingizia Mshika Taa

Vijana wangu mnaoingia kazi ya upimaji wa ardhi, nikianza na mawaidha mtasinzia. Basi naanza na shutuma. Kila mtu niliyefanya naye kazi porini niliwahi kumshuku, na kila mmoja wao aliwahi kunishuku mimi. Mpima asiye na shaka hukata mkuza, njia nyoofu ya kupimia, maili nzima kwenda kusiko na kitu, halafu hurudi kambini akipiga mluzi. Nimewaona wa namna hiyo. Mmoja alipandishwa cheo.

Mimi nimeacha kazi mapema, hata hamsini sijafika. Goti la kulia limevikataa vilima. Nimezunguka na mnyororo wa kupimia kutoka kusini hadi Kigoma, nimelala Mpanda, Singida, Tabora, na kila nilipohamia nilipakumbuka nilipotoka. Ila nikifumba macho, kinachokuja kwanza ni Ruangwa mwisho wa kiangazi: moshi wa vichaka vinavyochomwa, na harufu ya mafuta ya taa isiyotoka mikononi hata ukisugua kwa majivu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nachingwea ilikuwa imejaa matrekta ya mashamba ya karanga, na kila aliyevaa suruali ndefu alijiona bwana.

Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, nimesoma sekondari, na wenzangu hawakuniacha nisahau. Jina langu kambini lilikuwa Sekondari. "Sekondari, hesabu inasema ugali utaiva lini?" Ndivyo walivyonisalimia asubuhi.

Ninyi siku hizi mnapewa picha zilizopigwa na ndege, na nasikia kuna mashine inayopima umbali kwa mwanga. Sisi tulikuwa na mnyororo, fito, timazi na macho. Dira tulikuwa nayo, lakini dira haikosi sababu ya kudanganya. Kuna mahali karibu na Mbekenyera sindano ilikuwa inayumba asubuhi na kutulia jioni. Siku ya tatu wafyekaji wakasema pale pana wenyewe wasioonekana, na kazi ikasimama. Kumbe mfyekaji mmoja kila asubuhi alikuwa anapenda kuchuchumaa nyuma ya mpima aone anachofanya, panga lake la chuma likiwa kiunoni, likiivuta sindano. Jioni alikwenda kuchota maji. Tangu siku hiyo kila anayesogelea dira huwa namtazama kiunoni kwanza, halafu usoni.

Aliyenifundisha kushuku vizuri ni karani wetu wa mahesabu, Bwana Kanji, Mhindi kutoka Lindi, mtu mfupi aliyekunywa chai bila sukari kwa hiari yake. Aliwahi kuniambia, "Sekondari, wewe unashuku watu. Watu ni wengi, utachoka. Shuku tarakimu kwanza."

Sasa nisikilizeni namna tulivyokuwa tunaitafuta kaskazini, maana bila hilo hamtaelewa yaliyompata Saidi.

Katika nchi ambayo haina mawe ya mpima hata moja, ukitaka kujua kaskazini ya kweli unaiuliza nyota. Jua likishazama, mpima husimamisha darubini yake ya miguu mitatu juu ya kigingi. Mbali, juu ya kilima, mtu ameketi na taa ya chemli ndani ya kisanduku chenye ufa mwembamba, nayo imekaa juu ya kigingi chake. Mpima anapima pembe kati ya taa ile na nyota moja ya magharibi. Kisha anageuza duara la pembe, anaanza upya kama desturi inavyotaka, na kupima kati ya taa ileile na nyota moja ya mashariki. Jedwali linamwambia kila nyota ilitakiwa kuwa wapi wakati ule. Karani anakokotoa. Nyota mbili zikikubaliana, umejua taa iko upande gani hasa, na mkuza unaweza kuanza. Zisipokubaliana, hulali.

Mshika taa wetu alikuwa Saidi, Mmwera wa Chinongwe, mrefu, mpole, mwenye kicheko cha kuchelewa. Barabara tuliyokuwa tunaipima ilitoka Ruangwa kuelekea kwao. Na kwao, mahali hasa mstari ulipotarajiwa kupita, palikuwa na mikorosho ya dada yake, Bi Somoe. Mumewe alikuwa amefariki akimwachia watoto na miti hiyo, ambayo ndiyo kwanza ilianza kuzaa vizuri. Kila mtu kambini alilijua hilo, kwa sababu Bi Somoe ndiye aliyekuwa anatuletea kisamvu na ugali wa mtama, na hakuwahi kutua kapu lake bila kuuliza: "Haya, mafundi, leo barabara inapita chumbani kwangu au jikoni?"

Jioni ya kwanza nyota ya magharibi ilitoa jibu safi. Ya mashariki ikatoa jibu jingine. Tofauti ilikuwa digrii moja na kidogo. Mtasema ni ndogo. Pigeni hesabu hadi kwenye kilima cha taa, kisha endelezeni mstari mpaka Chinongwe. Tofauti ile ilitosha mstari kuikwepa mikorosho yote ya Bi Somoe, kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa.

Mpima wetu, Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, alimwita Saidi kabla ya chai.

"Umeihamisha taa."

"Sijaihamisha, Bwana."

"Nyota ya kwanza ilipopimwa, taa ilikuwa mahali pake. Ya pili ilipopimwa, ilikuwa kando. Asubuhi nimepanda kilimani, nimeikuta juu ya kigingi. Umeitoa, ukairudisha."

"Sijaihamisha."

"Basi nitazame."

Saidi alizitazama buti za Bwana. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nawaambia ukweli, sauti yake haikuwa ya mtu anayesingiziwa. Mtu anayesingiziwa hufoka. Saidi alijibu polepole, kama mtu anayepita mahali penye miiba. Moyoni nikasema: huyu amefanya.

Bwana Miwani hakupiga kelele. Alisema lori la Jumamosi likienda Nachingwea kuchukua mafuta, Saidi atapanda na kukabidhiwa polisi kwa kuharibu kazi. Ila kabla ya hapo atarudia kipimo, kwa taa ileile, kilima kilekile, mtu yuleyule na nyota zilezile, ili asipatikane wa kusema kuna kilichobadilika. Kitu kimoja tu kiliongezwa: mlinzi. Mlinzi nilikuwa mimi.

Tulipanda kilimani jua likiwa bado juu. Saidi aliwasha chemli, akapunguza utambi, akaiweka kisandukuni, akateremsha timazi hadi ncha yake ikagusa msumari wa kigingi. Fundi kweli kweli. Mimi nikatoa uzi, nikafunga upande mmoja kwenye kisanduku, upande wa pili kwenye kidole gumba cha mguu wangu.

Saidi akautazama uzi. "Kaka Sekondari, ukisinzia ukaota unacheza mpira, tumekwisha wote wawili."

"Silali."

"Na mbu?"

"Nitavumilia."

"Haya. Mie nitakuwa nakuhurumia huku."

Tulikaa hivyo mpaka taa nyekundu ikaonyeshwa kambini, ishara kwamba kazi imekwisha. Taa haikusogea hata unywele. Tuliposhuka, Bwana Kanji alikuwa ameshakokotoa. Magharibi na mashariki zilikuwa zimekubaliana kama mapacha.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana, mpaka nilipouona uso wa Bwana Miwani.

"Umeona?" akamwambia Saidi. "Ukilindwa, taa inatulia."

Hapo ndipo nilipoona jinsi shaka inavyofanya kazi. Kipimo kingekuwa kibaya, Saidi ana hatia. Kimekuwa kizuri, hatia imezidi. Bi Somoe alipopata habari alikuja bila kapu. Alisimama mbele ya hema la Bwana, mikono kiunoni.

"Mnatafuta njia ya barabara mbinguni, na iko hapa chini miguuni! Mnamtaka nini ndugu yangu? Kama ni miti, katani miti. Mtu mwacheni."

Bwana Miwani alimjibu kwa upole kwamba kanuni ni vipimo vitatu, na cha tatu kitafanywa siku moja kabla ya lori. Bi Somoe akanigeukia mimi. "Na wewe, umeona nini kule juu?"

"Sikuona kitu, Bi Somoe."

"Basi sema hivyo hivyo, tena kwa sauti."

Jioni ya tatu, ambayo ilikuwa siku tatu baada ya ile ya kwanza, nilifunga uzi mara mbili. Saidi hakutania tena. Aliketi amekumbatia magoti, uso kuelekea Chinongwe, ambako moto mmoja mmoja wa jikoni ulionekana. Kazi ilianza mapema, giza lilipokolea tu. Taa haikusogea. Sikupepesa macho. Taa nyekundu ikaonyeshwa, tukashuka.

Bwana Kanji alikuwa amesimama nje ya hema, jambo ambalo si desturi yake. "Mashariki imetoka tena," akasema. "Digrii ileile. Upande uleule."

Bwana Miwani alinitazama mimi, si Saidi. Nikajua ninachofikiriwa. Mikorosho si yangu, lakini kisamvu nimekula siku nyingi.

"Nilikuwa nimejifunga uzi!" nikapaza sauti. Na hapo nikajisikia: nafoka. Nilikuwa nafoka kama nilivyotaka Saidi afoke.

"Uzi hufunguliwa," akasema Bwana.

"Kidole hiki hapa, Bwana, kina alama!"

Saidi, katika shida yake yote, akaanza kucheka kile kicheko chake cha kuchelewa. "Sasa lori litabeba wawili," akasema.

Bwana Kanji hakucheka. Alikuwa ameinua kidevu, anatazama mashariki, mikono nyuma. "Bwana," akasema, "taa moja, Saidi peke yake au Saidi na mlinzi, kosa lilelile. Magharibi haikosei hata siku moja. Anayehamisha taa atajuaje ahamishe kwa nyota ya mashariki tu, na kwa kipimo kilekile? Mimi sasa nashuku nyota. Ulipima ipi?"

"Ile kubwa pale."

"Wakati unapima hapakuwa na kubwa. Nilikuwa nimesimama hapa. Palikuwa na ndogo mbili zimekaribiana, sawasawa. Nilidhani moshi."

"Ni moshi."

"Moshi unachagua?"

Sote tukatazama. Ziko nyota mbili pale, jirani, moja ina wekundu kidogo. Tulipokuwa tunagombana zilikuwa karibu kulingana. Tukaendelea kusimama. Na mbele ya macho yetu, polepole, kama utambi unaopandishwa na mkono usiouona, mmoja wa wale majirani wawili akaanza kunenepa. Moshi ulikuwa palepale. Yule mwekundu alibaki vilevile. Mwenzake alizidi kung'aa mpaka hata mtoto angesema huyu ndiye mkubwa.

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaketi kwenye sanduku la darubini.

"Nilifundishwa jambo hili chuoni," akasema. "Nilikuwa nalijua. Lakini nilikuwa tayari nina mtu wa kumlaumu."

Asubuhi alitueleza, na Bi Somoe alikuwapo, kwa sababu hakuwa tayari kumwacha ndugu yake peke yake tena na watu wa kambi. Bwana alichukua chemli iliyowashwa na mfuniko wa sufuria. Nyota ile, alisema, si moja. Ni mbili, zimekaribiana mno hata darubini haizitengi. Moja ni ndogo kwa umbo lakini kali, ndiyo tunayoiona. Nyingine ni jitu lililovimba, mwanga wake hafifu. Zinazungukana bila kupumzika, na kila baada ya siku tatu pungufu kidogo jitu hupita mbele ya mwenzake na kumziba. Akaupitisha mfuniko mbele ya taa, uso wake ukaingia gizani, ukatoka. Kwa saa kadhaa nyota hufifia hadi kulingana na jirani yake mwekundu, kisha hurudi. Waarabu wa zamani waliiita zimwi. Jioni ya kwanza na ya tatu ilikuwa imezibwa, na yeye kwa haraka ya kuwahi mvua akaelekeza darubini kwa jirani. Jioni ya pili ilikuwa nzima.

Bi Somoe alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mke mkubwa amesimama mlangoni, mdogo haonekani."

"Ndiyo," akasema Bwana. "Karibu hivyo."

"Na kwa ugomvi wa wake wenza wa mbinguni mlitaka kumfunga ndugu yangu."

Bwana Miwani hakusema samahani. Alimimina kahawa kwenye kikombe chake mwenyewe, akampa Saidi kwa mikono miwili. Saidi aliinywa yote, ingawa kahawa haipendi.

Sijamaliza na nyota ile. Miaka kadhaa baadaye, Tabora, nilikutana na mwalimu wa sayansi aliyesoma magazeti ya elimu ya nyota, nikamweleza. Akanipa sehemu iliyobaki. Nyota nzito huchoma kuni zake haraka, kwa hiyo nzito ndiyo inayotakiwa kuzeeka na kuvimba kwanza. Lakini katika jozi ile, iliyovimba ndiyo nyepesi, na nzito bado ni mbichi. Kama kukuta mdogo mtu ana mvi na kaka yake hana. Wataalamu wakashuku vipimo vyao wenyewe. Kisha, miaka ileile ya hamsini, wakaanza kusema kwamba jitu ndilo lililokuwa zito zamani. Lilipozeeka likatanuka, likatanuka, mpaka ngozi yake ya nje ikafika mahali ambapo mvuto wa mwenzake unashinda mvuto wake. Hapo hewa yake ya moto ikaanza kumiminika kwa mwenzake, na inamiminika hata sasa. Mdogo amenenepa kwa mwili wa mkubwa.

"Sasa mwizi ni nani?" nikamuuliza.

"Hakuna mwizi. Mkubwa alishindwa kujizuia, mdogo alikuwa karibu."

Kila mwizi niliyemsikia akijitetea alisema maneno hayo hayo. Mwalimu akaniambia liko jitu jingine upande wa kaskazini ambalo hufifia kwa karibu miaka miwili mfululizo, kisha hukaa miaka mingi likiwa zima, na kinacholiziba hakuna aliyekiona bado. Tangu hapo, nikikutana na kitu kikubwa kinachofifia, natafuta mwenzake.

Kwa hiyo mawaidha, kwa kuwa sasa hamwezi kusinzia: kabla hujaweka jicho kwenye darubini, itazame nyota kwa macho matupu, na majirani zake. Darubini hukuonyesha nyota moja tu, na nyota moja haina wa kuisuta. Kama inaonekana si kama ulivyoizoea, usiipime. Na ukimshuku mtu, badilisha nyota kwanza, ndipo ubadilishe mtu.

Lakini Saidi. Kusafishwa jina kulimgharimu. Nyota ya mashariki ilipotupwa, mstari wa kweli ulibaki mmoja, nao ulipita katikati ya mikorosho. Laiti kosa lingesimama, miti ingesimama. Bwana Miwani alijaribu kuupinda mstari, nampa haki yake, lakini upande mmoja palikuwa na korongo na upande mwingine makaburi. Wafyekaji walipofika, Saidi alikuwa amebeba fito, kwa sababu alikuwa amerudishwa kazini. Bi Somoe aliokota korosho zote, hata zilizokuwa bado mbichi, kisha akasimama kando. Miti ikaangushwa. Siku hiyo tulikula mihogo mikavu.

Mara ya mwisho nilimwona Saidi kwenye gulio la Mbekenyera, nilipokuwa napita kuelekea Mbwemkuru kwa kazi nyingine. Alikuwa anauza ufuta na dada yake. Tulienda kando kuvuta sigara, nikamuuliza lililokuwa limenikera muda wote.

"Kaka Saidi, siku ile ya kwanza ulikuwa huna kosa. Kwa nini ulizitazama buti?"

Alivuta moshi, akautoa. "Niliinyanyua."

"Ulinyanyua nini?"

"Taa. Baada ya nyota ya kwanza. Nikaibeba, nikapiga hatua kadhaa. Nikasimama pale gizani nayo mkononi. Halafu nikaogopa, nikairudisha juu ya kigingi, nikaweka timazi upya, kabla Bwana hajaanza ya pili. Asubuhi naambiwa: umeitoa, ukairudisha." Akatikisa kichwa. "Nikadhani ile darubini imeniona moyoni."

"Dada yako anajua?"

"Wewe! Akijua kwamba nilikuwa nayo mkononi, nikairudisha?"

Bi Somoe alikuwa anakuja, mikono imejaa vumbi la ufuta. Aliangalia uso wangu, akaangalia wa ndugu yake.

"Mnanong'ona nini ninyi wawili?"

"Habari za nyota, dada," Saidi akasema.

"Nyota," akasema Bi Somoe, na akaendelea kumtazama kwa muda mrefu, mpaka Saidi akainama kufunga gunia lililokuwa limeshafungwa.